Bonge la damu kwenye vena ya juu ya mguu: mwongozo kamili wa kulidhibiti kabla halijaingia ndani

Ukipitisha vidole upande wa ndani wa mguu ukakuta kitu kigumu kama kamba chini ya ngozi, kinauma kikiguswa na kina joto kuliko ngozi ya jirani, huenda damu imeganda ndani ya vena ya juu. Vena ni mishipa inayorudisha damu moyoni. Za juu hupita karibu na ngozi, nyingine unaziona kwa macho. Za ndani zimezama kati ya misuli. Wengi wakilalamika huambiwa, "Huo ni mshipa wa juu tu, utapoa wenyewe." Mara nyingi hupoa kweli. Shida ni hilo neno "tu".

Utafiti uliofanyika Ufaransa na kuchapishwa mwaka 2010 uliwachukua wagonjwa 844 waliokuwa na bonge la vena ya juu lenye urefu wa angalau sentimita 5. Walipopimwa mwanzoni kabisa, karibu mmoja kati ya wanne alikuwa tayari na bonge jingine kwenye vena za ndani au mapafuni. Miongoni mwa waliokuwa salama siku hiyo, karibu mmoja kati ya kumi alipata tatizo ndani ya miezi mitatu, ingawa wengi wao walikuwa wakitumia dawa za kuzuia damu kuganda. Hao walikuwa wagonjwa waliofika kwa wataalamu wa mishipa, kwa hiyo usizichukue takwimu hizo kama za kila mwenye kabonge kadogo mguuni. Lakini zinatosha kuliondoa lile "tu".

Ukali wa maumivu usikuongoze. Kabonge kafupi chini ya goti kanaweza kukutoa machozi kasikudhuru, na kamba inayouma kidogo tu ikawa imeshapanda hadi juu ya paja. Cha kujua ni bonge liko wapi, lina urefu gani na linaelekea wapi.

Kwanza, ijue ramani ya mguu

Vena ndefu ya juu huanzia mbele ya kifundo cha ndani, hupanda upande wa ndani wa mguu, hupita kando ya goti, hufuata paja kwa ndani, kisha huzama kwenye kinena na kuungana na vena kubwa ya ndani ya paja. Vena fupi huanzia nyuma ya kifundo cha nje, hupanda katikati ya shavu la mguu na kwa kawaida huzama nyuma ya goti. Hayo ndiyo malango makuu mawili. Kati yake kuna vena ndogo nyingi za kuunganisha, zinazotoboa kutoka juu kwenda ndani, na bonge linaweza kupenya kupitia hizo pia bila kufika kinenani.

Mtego mmoja wa majina umewaponza watu. Vena kubwa ya ndani ya paja, kwa desturi ya zamani ya kitabibu, iliitwa kwa jina lenye neno "ya juu" ndani yake, na bado kuna ripoti za ultrasaundi zinazoandikwa hivyo. Anayesoma haraka hudhani ni vena ya karibu na ngozi. Sivyo. Bonge lililo humo ni la vena ya ndani na hutibiwa hivyo. Ripoti yako ikitaja vena ya paja, muulize daktari waziwazi: ni ya ndani au ya chini ya ngozi?

Hatua ya 1: Jikague mguu ukiwa umetulia

Lala chali, uache mguu wazi kuanzia kinenani hadi kidoleni. Tumia sehemu laini ya vidole vitatu, uguse bila kukandamiza. Vena iliyotutumka lakini yenye damu inayotembea hunywea ukiuinua mguu juu ya usawa wa kifua, kwa sababu damu yake hurudi chini kuelekea moyoni. Iliyoganda hainywei. Mguu uko juu, kamba iko palepale, ngumu vilevile. Kwa jaribio la nyumbani, sijui lingine linaloeleza zaidi ya hilo.

Angalia rangi pia. Vitabu vingi husema "wekundu", maelezo yanayowafaa wenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi sehemu hiyo huonekana nyeusi zaidi au ya zambarau iliyokolea, na pengine isibadilike kabisa. Liamini joto: gusa kwa mgongo wa mkono, ulinganishe na mguu wa pili.

Sasa chukua futikamba na kalamu ya wino usiofutika haraka. Weka alama pale kamba inapoishia kwa juu, uandike tarehe pembeni, kisha upime urefu wake. Halafu pima mzunguko wa shavu la mguu, sentimita 10 chini ya kile kinundu cha mfupa kilicho chini ya goti, miguu yote miwili. Ukizidiana kwa zaidi ya sentimita 3, vena za ndani zinashukiwa.

Usisugue wala kukanda. Najua mkono huenda wenyewe mahali panapouma, na ndugu mwenye nia njema atakuja na mafuta. Mwache aweke mafuta hayo kando.

Hatua ya 2: Jiulize kama hii ni dharura

Kuna dalili zisizosubiri kesho: pumzi kukatika ghafla bila sababu, kifua kuchoma unapovuta hewa ndani, kukohoa damu, kuzimia au kukaribia kuzimia, moyo kwenda mbio umekaa tu. Hizo ni dalili za bonge lililochomoka likakwama mapafuni. Nenda hospitali sasa hivi, na usiendeshe gari mwenyewe.

Mambo mengine yanataka uonwe siku hiyohiyo: mguu mzima kuvimba, maumivu ya ndani kabisa ya shavu la mguu au paja, kamba iliyovuka goti kwenda juu, homa yenye kutetemeka, au usaha. Ongeza hapo ujauzito, saratani, upasuaji wa karibuni, na historia ya kuwahi kuganda damu. Kwa mtu wa namna hiyo hata kamba fupi haifai kutazamiwa nyumbani.

Hatua ya 3: Usikubali antibiotiki kabla ya swali

Hapa mimi mwenyewe niliteleza. Mguu wa kushoto ulianza kuuma chini ya goti, ngozi ikapata moto, nikaambiwa ni maambukizi ya ngozi, nikapewa antibiotiki. Nikazinywa siku sita kwa uaminifu. Siku ya nne nilipokuwa nikioga niliona ile kamba imepita goti, nikajiambia dawa bado haijashika. Ilikuwa imeshika sana, ila ilikuwa ikipigana na adui asiyekuwepo. Vena iliyoganda huvimba na kupata joto kwa sababu ukuta wake umechokozwa na bonge. Kwa kawaida hakuna kijidudu humo, na antibiotiki haina cha kuua.

Maambukizi ya ngozi hutanda kama doa la maji kwenye kitambaa, kingo zake zikisogea kila upande, na mara nyingi mtu hujisikia mgonjwa mwili mzima. Vena iliyoganda hufuata mstari, na ndani ya mstari huo kuna kitu unachoweza kukishika. Vinundu vyekundu vinavyouma vilivyotawanyika kwenye ugoko ni jambo jingine tena.

Kuna nafasi moja ambapo antibiotiki zina kazi kweli: vena iliyoganda ikaingiwa na bakteria, aghalabu baada ya sindano au kanula, kile kimrija kinachoachwa ndani ya vena kupitishia dawa au maji. Hapo kuna homa kali, maumivu makubwa, pengine usaha unatoka pale sindano ilipopita. Hiyo hulazwa hospitali, kwa kuwa bakteria wakiwa ndani ya bonge wana njia ya wazi kuingia kwenye damu yote.

Hatua ya 4: Dai ultrasaundi, kisha dai namba

Vidole hudanganya. Mara nyingi bonge huwa limepanda juu kuliko kamba unayoisikia, kwa kuwa sehemu yake changa bado ni laini. Ndiyo maana kipimo cha maana ni ultrasaundi ya vena za mguu. Haina mionzi, haiumi kwa zaidi ya kubonyezwa mahali panapouma, na ukiikodolea macho skrini utaielewa mwenyewe. Mpimaji hubonyeza kifaa juu ya vena. Vena nzima hulala bapa kama mpira usio na upepo, na duara jeusi linatoweka. Yenye bonge inakataa, duara linabaki.

Kuna kipimo cha damu cha kutafuta mabaki ya bonge linaloyeyuka, ambacho husaidia wakati wa kushuku bonge la vena za ndani. Kwa vena za juu hakitoshi kuamua: kinaweza kutoka kawaida huku bonge lipo, na kinaweza kupanda kwa sababu nyingine kadhaa.

Usitoke kwenye chumba cha kipimo na sentensi moja ya "kuna bonge la juu". Unahitaji majibu ya maswali matatu. Bonge lina urefu wa sentimita ngapi? Ncha yake ya juu iko sentimita ngapi kutoka lango la kinena, au la nyuma ya goti? Vena za ndani zimeangaliwa zote, na mguu wa pili je? Matibabu yote hutegemea namba hizo, na usipoziuliza mara nyingine haziandikwi.

Hatua ya 5: Linganisha matibabu na mahali bonge lilipo

Bonge likiwa limefika ndani ya sentimita 3 za lango la kinena, madaktari hulitibu kama bonge la vena za ndani: dozi kamili ya dawa za kuzuia damu kuganda, kwa kawaida miezi mitatu. Kwa umbali huo suala la "juu" limebaki jina.

Likiwa mbali na lango lakini lina urefu wa sentimita 5 au zaidi, hasa juu ya goti, matibabu yenye ushahidi mzito zaidi ni sindano ya fondaparinuksi, dawa ya kuzuia damu kuganda, miligramu 2.5 chini ya ngozi, mara moja kwa siku kwa siku 45. Ilijaribiwa kwa wagonjwa 3,002 na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Waliopata sindano yenye dawa, asilimia 0.9 walipata tatizo kubwa, kama bonge kuingia ndani, kurefuka hadi kwenye lango au kurudi tena. Waliochomwa maji matupu walikuwa asilimia 5.9. Utafiti mwingine wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba kidonge cha rivaroksabani cha miligramu 10 kwa siku 45 hakikuwa nyuma ya sindano hiyo, habari njema kwa wanaoogopa kujichoma. Pasipo hizo mbili, daktari anaweza kutumia heparini za uzito mdogo kama enoksaparini.

Siku 45 ni siku 45. Maumivu huisha mapema zaidi, na hapo ndipo wengi huacha dawa. Bonge halijui kwamba maumivu yameisha.

Bonge fupi la chini ya sentimita 5, lililo mbali na malango, kwa mtu asiye na hatari nyingine, linaweza kutibiwa bila dawa za kuzuia damu kuganda: ibuprofeni au diklofenaki kwa siku chache, soksi za kubana, kutembea, na kurudia ultrasaundi baada ya siku 7 hadi 10. Hilo la kurudia lina uzito kuliko yote yaliyotangulia. Bonge fupi lililorefuka limeshahama kundi.

Mitego ya dawa ni mingi, hivyo mtajie daktari kila unachomeza. Ibuprofeni na jamii yake pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda huongeza hatari ya kutokwa damu tumboni. Ukianza hizi, ziache zile, na kwa maumivu uliza kuhusu parasetamoli. Figo zikiwa dhaifu, fondaparinuksi hupunguzwa au haitumiki kabisa. Mjamzito hapewi rivaroksabani, hutumia heparini. Aspirini uliyobaki nayo nyumbani haichukui nafasi ya dawa hizi. Na ukiwa kwenye matibabu ukaona kinyesi cheusi kama lami, mkojo wenye damu, au ukaanguka ukagonga kichwa, nenda hospitali hata kama unajiona mzima.

Hatua ya 6: Nyumbani, tembea

Zamani mgonjwa aliambiwa alale asitikisike, kwa hofu ya bonge kuchomoka. Ushauri huo umepitwa na wakati, na una madhara, kwani damu iliyotulia ndiyo inayoganda. Misuli ya shavu la mguu ni pampu. Kila hatua unayopiga inasukuma damu juu. Tembea ndani ya kiwango cha maumivu, mara nyingi, muda mfupi mfupi. Ukikaa, weka mguu juu ya kitu na uzungushe kifundo. Kusimama wima mahali pamoja saa nzima ni kubaya kuliko kutembea.

Kitambaa cha baridi au cha vuguvugu, chochote kinachokupa nafuu. Jeli ya diklofenaki juu ya ngozi hupunguza maumivu, ila ipakwe kwa kuteleza, bila kukanda, na haizuii bonge kusonga.

Soksi za kubana zivaliwe asubuhi kabla mguu haujavimba. Geuza soksi ndani nje hadi kisigino, ingiza mguu, kisha uipandishe kidogokidogo ukinyoosha kila kunjo. Kunjo moja nyuma ya goti hugeuka kamba ya kufungia, kinyume kabisa cha ulichotaka. Mwenye kisukari cha miaka mingi, mvutaji sigara anayeumwa miguu akitembea, na yeyote ambaye nyayo zake ni za baridi na mapigo hayasikiki, asivae kabla ya kupimwa mishipa inayopeleka damu miguuni. Soksi ikiubana mguu usiopata damu ya kutosha inaweza kuua ngozi.

Hatua ya 7: Fuatilia ile alama ya wino

Kila siku saa ileile, lala, gusa, linganisha. Kamba ikiwa imeivuka alama kwenda juu, hata ukiwa kwenye dawa, rudi hospitali. Ikibaki palepale na joto likapungua, unaendelea vizuri. Maumivu makali kwa kawaida hupungua ndani ya wiki moja hadi tatu, lakini ugumu wenyewe unaweza kukaa miezi. Watu hutishika na hilo bila sababu. Kinachobaki ni kovu la bonge ndani ya vena, linalofyonzwa polepole.

Rangi nayo hubaki. Damu iliyovuja hukiacha chuma chake chini ya ngozi, na mstari wa kahawia au mweusi unaweza kudumu zaidi ya mwaka, pengine usifutike. Kupaka krimu kali za kuchubua hapo ni kujitafutia kidonda. La kuangaliwa zaidi ni valvu. Vena iliyoganda hupoteza zile valvu zake zinazozuia damu kurudi chini, na damu ikirundikana kifundoni kwa miaka, mguu huwa mzito jioni, ngozi hukakamaa, na mwisho kidonda hufunguka karibu na kifundo cha ndani na kukataa kupona.

Hatua ya 8: Tafuta kilichosababisha

Wagonjwa wengi wana vena varikosi, ile mishipa iliyotutumka na kujipindapinda. Kwao chanzo kinaonekana, na bonge likishatulia, mara nyingi baada ya miezi mitatu hivi, inafaa kumwona mtaalamu wa mishipa kuhusu kuifunga vena mbovu kwa leza, kwa mawimbi ya joto au kwa sindano ya povu. Bila hivyo bonge lina tabia ya kurudi palepale.

Bonge linalotokea kwenye vena iliyonyooka, isiyo na uvimbe wowote wa zamani, linanitia wasiwasi zaidi. Ule utafiti wa Ufaransa pia ulikuta kwamba kutokuwa na vena varikosi kulikwenda na hatari kubwa zaidi ya matatizo, pamoja na kuwa mwanamume, kuwahi kuugua saratani na kuwahi kuganda damu. Hapo huulizwa kuhusu vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, ujauzito na wiki sita baada ya kujifungua, safari ndefu ya kukaa, ugonjwa wa kurithi wa kuganda damu, na saratani.

Bonge linalohamahama, leo mguu huu, baada ya wiki tatu ule, kisha mkono, lina historia yake. Armand Trousseau, daktari wa Paris, alilihusisha na saratani iliyojificha mwaka 1865. Miaka miwili baadaye aliiona dalili hiyo kwenye mwili wake mwenyewe, akajua maana yake, na akafa mwaka huohuo kwa saratani. Si kila bonge linalohama ni saratani. Kijana mvutaji sigara anaweza kuwa na ugonjwa wa Buerger, unaoshambulia mishipa midogo ya mikono na miguu na kula vidole, na dawa yake kubwa ni kuacha tumbaku yote, hata sigara moja kwa siku. Lakini anayehamahamiwa na bonge asitoke hospitali na jeli peke yake.

Matokeo ya ultrasaundi yapige picha, uyahifadhi kwenye simu pamoja na tarehe na jina la dawa uliyotumia. Siku utakapopangiwa upasuaji, ukipata ujauzito, ukitaka vidonge vya uzazi wa mpango au ukiwa na safari ya kukaa zaidi ya saa nne, yaonyeshe kabla hujaulizwa.